Presha, Kiharusi na Hela ya Nyumba

Mama anaanguka bafuni alfajiri. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umeenda upande, anachosema hakieleweki. Jua halijapanda sawasawa na familia imeshatoa hela mara tatu: gari la kukodi hadi hospitali ya wilaya, kadi na kumwona daktari, halafu gari jingine hadi hospitali kubwa kwa sababu mashine ya CT scan iko huko. Jioni kundi la familia la WhatsApp limejaa ujumbe wa michango. Wiki ya pili michango inapungua, na mama bado yuko kitandani.

Wengi tukitaja gharama za kiharusi hufikiria bili ya hospitali. Bili ni kubwa kweli, lakini mgonjwa akiruhusiwa hesabu yake hufungwa. Hesabu ya nyumbani ndiyo inayoendelea mwaka mzima na zaidi: nepi za watu wazima, mpira wa mkojo, vyakula laini, bajaji ya kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo na kumrudisha. Halafu kuna binti aliyefunga genge lake la mboga ili amgeuze mama kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Genge lililofungwa halitoi risiti, ndiyo maana hakuna anayelihesabu. Lihesabuni. Mara nyingi hapo ndipo ada ya shule inapokwama.

Ugonjwa wa moyo nao una safari yake. Zamani Watanzania wengi waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa India. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, na huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo anayetoka Kigoma au Mtwara bado ana nauli ya watu wawili na mahali pa kulala ndugu anayemsindikiza. Aliyewekewa valvu ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Inauma zaidi ukijua kwamba valvu nyingi za vijana wetu ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati. Akithibitika kuwa na bakteria, penisilini ni dawa ya bei ndogo.

Kidonge na gari la kukodi

Presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, lakini haiumi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, una presha.

Chukua daftari. Andika bei ya dawa yako ya presha ya mwezi mzima, kwa bei ya duka la dawa la mtaani kwenu. Chini yake andika gharama ya kukodi gari hadi hospitali ya mkoa, na hapo hujamwona daktari wala kulipia kitanda. Muonyeshe mwenzako hizo namba mbili.

Kuna wanaoacha dawa presha ikishuka, wakisema wamepona. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Wengine huruka siku ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, na hawa nawaelewa, maana hela haitoshi. Mwambie daktari waziwazi, wala si aibu: zipo dawa za presha za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na dagaa wa chumvi, isizidi gramu 5 kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Siku ikitokea

Uso umeenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki: ni kiharusi. Usipoteze muda kutafuta aliyeroga. Usimpe chakula, maji wala aspirini, kwa sababu huenda mshipa umepasuka na aspirini itazidisha damu kuvuja. Andika saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na baada ya CT scan tu.

Bima ikatwe watu wakiwa wazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kabla ya kulipia kifurushi chochote uliza mambo matatu: dawa za presha zimo? CT scan imo? Mazoezi ya viungo yamo? Kama mna kikoba, kubalianeni mapema ni kiasi gani cha mfuko wa jamii kitatoka usiku wa dharura, na nani anazo namba za mwenye gari.

Presha hufuata ukoo. Kwa hiyo siku ya kliniki ya mama, yule binti anayemsindikiza naye akae kwenye kiti, akunje mkono wa nguo, apimwe.