Volti 5 Zisizochoma

Wanafunzi wenzangu, itazameni bodi inayoongoza mota za mashine ndogo ya kuchonga mbao. Mota zataka volti 24, lakini chipu, yaani ubongo wake, yataka 5 tu. Kazi ya kushusha mara nyingi hupewa 7805, kile kijidude chenye miguu mitatu. Basi hicho volti 19 zilizozidi hukigeuza joto tupu! Hebu tupige hesabu: chipu ikivuta nusu ampea, 19 × 0.5 ni wati 9.5 zinazopotea, ili yenyewe ipate wati 2.5. Na kwetu Kizingo wakati wa kaskazi hata hewa i moto. 7805 ikizidiwa hujizima. Chipu husahau mota imefika wapi, na ubao wa mvule ndio basi tena.

Dawa ni kidhibiti cha kukatakata umeme. Huuwasha na kuuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita huusawazisha. Kikifanya kazi kwa asilimia 85, hupoteza kama wati 0.44 tu. Viko vinavyoingia matundu yale yale ya 7805. Ila kapasita ilehemu karibu na miguu yake, maana mota zina fujo. Halafu paka vanishi ya saketi, kwani chumvi ya bahari hula shaba.