Ardhi Iliyotwaliwa kwa Ulinzi wa Pwani: Haki ya Mwenyewe Haifi

Limeletwa katika darsa letu hapa Jericho suala la ndugu wenye mashamba ya urithi huko pwani. Wauliza: Je, Serikali yaweza kulitwaa shamba la mtu bila ya ridhaa yake kwa ajili ya kuilinda pwani? Na haja hiyo ikiisha, yaweza kuliuza kwa mtu mwingine? Twajibu, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Asili ya jambo hili ni kwamba mali ya mtu haitoki mkononi mwake ila kwa ridhaa yake. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa amekataza watu kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, hata kiasi cha shubiri moja, atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Naye mwenyewe alipofika Madina alitaka uwanja wa kujenga msikiti, na uwanja huo ulikuwa wa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure. Hakukubali ila kuununua. Ikiwa msikiti wa Mtume haukujengwa ila juu ya ardhi iliyolipiwa, ni jengo gani jingine litakalokuwa na udhuru?

Lakini iko dharura ya umma, na kulinda pwani ni katika dharura hizo. Al-Baladhuri ameeleza kwamba Sayyidna Umar alimwamrisha Muawiya kuzitengeneza ngome za pwani ya Sham, kuweka askari na kuwasha mioto ya kutahadharisha. Na Umar huyo huyo, alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makka mwaka 17 wa Hijra, alizinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilitwaliwa, na thamani yake ikawekwa katika hazina mpaka wakaichukua. Kwa msingi huu, Majalla, ile sheria ya dola ya Uthmaniya, katika kifungu cha 1216 iliruhusu milki ya mtu kutwaliwa kwa ajili ya njia panapokuwa na haja, kwa thamani yake na kwa amri ya Sultani. Lakini ikashurutisha isitolewe mkononi mwa mwenyewe kabla ya kulipwa.

Sheria ya Kenya haiko mbali na hayo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 chataka fidia ya haki, ilipwe kamili na kwa haraka. Kazi ya kutwaa imewekwa mikononi mwa Tume ya Taifa ya Ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Na hapa pana jambo la kupambanua. Ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Basi ukuta wa kuzuia bahari ukijengwa hapo, hapana mtu wa kudai bei ya ardhi. Lakini ukuta ukipanda juu ya alama ya maji kujaa, au kambi ya wanamaji ikihitaji shamba la mtu, hapo haki ya mwenyewe husimama.

Ama suala la pili, nalo ndilo zito zaidi, ni la ardhi baada ya haja kwisha. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Ceylon, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini. Wakaja pamoja nazo wafumbuzi wa maandishi ya siri ya adui, wakawekwa katika skuli ya Allidina Visram, Mombasa. Mwaka 1943 wakarudi Colombo, na jengo lile leo ni skuli. Kweli, hiyo haikuwa ardhi ya kununuliwa, bali jengo lililotwaliwa kwa muda. Lakini mfano wake wafunza: ulinzi ni haja, na haja ina mwisho.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, imeamua kwamba milki iliyotwaliwa kwa maslahi ya umma isigeuzwe kuwa kitega uchumi, na kwamba maslahi yale yakiachwa, wa kwanza wa kuirejesha ni mwenyewe au warithi wake, kwa fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 110, yasema karibu na hayo: kusudio likikoma, Tume yaweza kuwapa wenyewe wa asili au warithi wao nafasi ya mbele, wakirejesha fidia yote waliyolipwa. Tazama neno hilo "yaweza". Sheria imeacha hiari. Wanavyuoni wameweka haki. Kwa rai yetu, hapa ndipo pa kuitaka sheria irekebishwe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mtu aliyetoa shamba lake kwa ajili ya ulinzi wa wote, kisha akaliona limekuwa hoteli ya tajiri, huyo hakununuliwa, amedhulumiwa.

Na sisi yatupasa mambo matatu. La kwanza ni hati. Sheria ya 1908 iliwataka wenye ardhi za pwani wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi waliponyokwa hivyo. Leo Tume hutangaza kusudio lake katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha huweka siku ya kusikiliza madai, na dai la maandishi lapaswa kufika kabla ya siku hiyo kupita. Asiye na hati naye asikate tamaa, kwani kifungu cha 40 chatoa njia ya kuwafidia wakaao kwa nia njema bila ya hati.

La pili ni wakfu. Fidia ya ardhi ya wakfu si fedha ya kugawana; inunuliwe ardhi nyingine badala yake, iwe wakfu kama ile ya kwanza.

La tatu ni mirathi. Ndugu aliyeandikwa jina katika hati hupokea fidia, naye akawanyima dada zake, kisha akakaa barazani kuilaumu Serikali kwa dhulma. Shubiri ile iliyotajwa katika Hadithi haikubagua baina ya mtawala na kaka. Tuitake Serikali itulipe kwa haki, na siku ileile tuwalipe dada zetu.

Wabillahi tawfiki.