Mwanajeshi mstaafu akikaa mbele yako

Ukiwa muuguzi wa afya ya akili Tanzania, wanajeshi wastaafu unawahudumia, ila wengi hawajitambulishi. Anza wewe: "Umewahi kuwa jeshini?" Akisema ndiyo, uliza jeshi gani. Kwetu Polisi na Magereza nao ni majeshi, na aliyepita JKT miezi michache naye atakuitikia ndiyo. Wa JWTZ muulize alifanya kazi gani na alipelekwa wapi. Mzee wa vita vya Kagera vya 1978–1979 hana kumbukumbu za kijana aliyelinda amani Darfur au Kongo, na mpishi wa kambi si mpiga mizinga. Usimuulize kama ameua. Akitaka kusema, atasema.

Muulize anapenda kuitwaje. Kuna anayetaka "afande" mpaka leo, na kuna aliyeliacha jina hilo pamoja na gwanda. Kama ni mzee, shikamoo kwanza, cheo baadaye.

"Niko fiti" usiikimbilie kuiandika. Huyu amezoea kuripoti kwamba hali ni shwari. Uliza vinavyohesabika: jana ulilala saa ngapi? Uliamka mara ngapi? Mlango ulikwenda kuukagua mara ngapi? Bia ngapi? Mwenyewe akiridhia, muulize na mkewe. Yeye ndiye anayejua kama mume siku hizi analala sakafuni.

Mpe kiti kinachotazama mlango, na usimtokee kwa nyuma. Wodini, ukienda kumpa dawa usiku, usimshike bega. Simama miguuni mwa kitanda, mwite jina, ngoja afumbue macho. Aliye katikati ya jinamizi anaweza kurusha ngumi kabla hajajua yuko wapi. Huo si ukorofi, kwa hiyo usiuandike hivyo kwenye faili.

Swali la kujiua usilizungushe: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, uliza kama ana mpango, na kama nyumbani kuna silaha au sumu. Akiwa hatarini, usimwache peke yake hata dakika moja. Tuma mtu amwite daktari.

Na kama bado yuko kazini? Hofu yake kubwa huenda ni mkuu wake kujua. Mweleze mapema nani anasoma faili, na kwamba maisha yakiwa hatarini hutanyamaza. Ahadi hewa ataigundua haraka.

Kisha andika: kikosi, miaka, alikopelekwa, anavyotaka kuamshwa. Mwenzako wa zamu ya usiku asimrudishe mwanzo.