Kifaa tunacho, mteja yuko wapi?

SWALI: Timu yetu chuoni imetengeneza kifaa cha kupima sumukuvu kwenye mahindi. Tumeshachapisha matokeo jaridani, lakini hakuna anayenunua. Tuanzie wapi?

JIBU: Fungeni maabara kwa wiki chache, mtoke. Ndivyo inavyofundisha I-Corps, programu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011 na NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi. Timu huwa na mtafiti mkuu, mtu wa kuongoza biashara (mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu) na mshauri anayeijua sekta. Kwa takriban wiki saba huhoji watu wapatao 100. Hawauzi kitu, wanasikiliza. Wengi hugundua kwamba waliyemdhani mteja siye mwenye pesa.

Kwenu nyinyi, mlaji ni mwananchi, ila anayepata hasara ni mfanyabiashara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu hiyo hiyo. Basi nendeni ghalani, mketi juu ya magunia na mwenye mzigo. Msimwulize, “Utanunua?” Kwa uungwana tu atawaambia ndiyo. Mwulizeni mara ya mwisho mzigo wake ulipokataliwa alipoteza kiasi gani, na alifanya nini kesho yake. Hapo mtapata bei ya kifaa chenu.

Na hataza? Huombwa kabla ya kuchapisha, maana kwa kawaida kilichokwisha kutangazwa si kipya tena. Nyinyi mmetangulia kuchapisha, kwa hiyo mwoneni mwanasheria wa chuo wiki hii, si mwezi ujao, awaambie kama nafasi bado ipo.