Kumfundisha Mtoto Mwenye Ulemavu Kupiga Mswaki: Tuanzie Hatua ya Mwisho

Mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo aliletwa kliniki na mama yake kutoka Ukerewe. Mtoto huyo hasemi. Kwa wiki tatu alikuwa amekataa uji, akijipiga shavuni na kukesha akilia. Baadhi ya ndugu walisema amerogwa, wengine wakadhani kifafa chake kimezidi. Tulipofanikiwa kuona kinywani tulikuta gego limetoboka hadi kwenye kiini, na usaha umekusanyika chini ya fizi. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi ili jino ling'olewe, kazi ambayo kwa mtoto mwingine ingechukua dakika chache kitini.

Mama alinieleza jambo moja bila lawama: "Daktari, kila kliniki naambiwa nimpige mswaki mara mbili kwa siku. Hakuna aliyenionyesha namna." Nami nilikuwa nimetoa agizo hilo hilo kwa wazazi wengi, kwa maneno hayo hayo.

Meno ya watoto hawa mara nyingi huoza kwa sababu ya mazingira ya kinywa chao. Mtoto anayemeza kwa shida hubaki na uji wenye sukari mashavuni kwa muda mrefu. Dawa za maji anazopewa kila siku nyingi zina sukari. Fenitoini, itumikayo kutibu kifafa, huweza kuvimbisha fizi hadi zifunike sehemu ya meno. Tena ndugu wanaomhurumia humletea soda na biskuti.

Tuanze na mkao, kwa maana hapo ndipo wengi hukwama. Mzazi anayesimama mbele ya mtoto humlazimisha kuinua kichwa, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo akitupa kichwa nyuma, misuli hukaza, taya hujifunga, na mate huweza kuingia njia ya hewa. Keti mkekani, mpakate mtoto mgongo wake ukiegemea kifua chako, kidevu chake kikiinama kidogo. Mkono mmoja ushikilie taya kwa upole, wa pili ushike mswaki. Asiyeweza kuketi alazwe ubavu, kitambaa kikiwa chini ya shavu. Usiingize kidole katikati ya meno yake: mtoto huyu huuma bila kukusudia, na hawezi kuachia kwa kuamriwa.

Dawa ya meno yenye madini ya floraidi itumike kwa kiasi kidogo. Kwa mtoto asiyeweza kutema, ukubwa wa punje ya mchele unatosha, hata akiwa amevuka miaka mitatu. Povu lipanguswe kwa kitambaa kisafi chenye unyevu. Kama muda unaruhusu mara moja tu, basi iwe usiku kabla ya kulala, kwani mate hupungua usingizini na meno hukosa kinga yake.

Sasa mafunzo yenyewe. Kupiga mswaki ni mfululizo wa vitendo: kushika mswaki, kuulowesha, kuweka dawa, kusugua nje, ndani na juu ya magego, kutema, kuusuuza, kuurudisha kikombeni. Wengi wetu huanza na cha kwanza, mtoto hushindwa katikati, na zoezi huishia kwa machozi. Geuza mpangilio. Fanya yote wewe, mkono wako ukiwa juu ya mkono wake, kisha mwachie kitendo cha mwisho tu: kutia mswaki kikombeni. Msifu hapo hapo. Akikizoea, mwachie na kuusuuza, halafu kutema, mkirudi nyuma hatua kwa hatua. Hatua moja yaweza kuchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Lakini kila siku mtoto huyo ndiye anayemaliza kazi.

Mkono usiokaza vidole unahitaji mpini mnene. Toboa kipande cha ndala kuukuu kilichooshwa vizuri, upitishe mpini humo; au uzungushie ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mtoto asiyeona, kama walivyo baadhi ya wanafunzi wa Shule ya Msingi Mitindo wilayani Misungwi, aguse kwanza mswaki, kikombe na maji, na vitu hivyo visihamishwe mahali pake. Mwenye usonji huenda anachokataa ni ukali wa ladha ya dawa tu. Anza na mswaki mtupu, saa ile ile, mahali pale pale, ukihesabu hadi kumi kisha ukiacha, hata kama meno mengine hayajaguswa. Ahadi ya kuacha ikitimizwa, kesho atafungua kinywa.

Kwa wahudumu wenzangu: mtoto asiyesema akibadilika ghafla tabia au akikataa chakula, tazameni meno kabla ya kuongeza dawa ya kifafa. Kwa mwenye mgongo wazi epukeni glovu za mpira wa lateksi, kwa kuwa wako katika hatari kubwa ya kupata mzio. Na mzazi asiondoke kabla hajajaribu mkao huo mbele yenu, mtoto akiwa mapajani.

Mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Wa mtoto anayeuma ukaguliwe kila asubuhi. Nywele zikianza kung'oka, utupwe siku hiyo hiyo asije akapaliwa nazo.