Chumba Kwanza, Duka Baadaye: Kuchagua Vifaa vya Kumalizia Nyumba

Nyumba nyingi nchini Tanzania hujengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa pale fedha zitakapopatikana. Kwa sababu hiyo, umaliziaji wa ndani, yaani lipu, sakafu, rangi, dari na makabati, hufika wakati akiba imekwisha kupungua na familia imechoka kulipa kodi ya pango. Hapo ndipo mnunuzi huingia dukani bila vipimo, akachagua kwa macho na kurudi na mzigo. Makosa ya hatua hii hayaangushi nyumba, lakini huirudisha familia dukani mara kwa mara, na baadhi yake huumiza watu.

Ushauri wetu mkuu katika somo hili ni kwamba kila kifaa kipimwe kwa chumba kitakamotumika, wala si kwa mng'ao wake chini ya taa za dukani. Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwa kila chumba mambo manne: ukubwa wake, maji yanayofika humo, miguu inayopita humo, na moto au moshi uliomo. Karatasi hiyo ina kazi dukani, na kama itakavyoonekana mwishoni, ina kazi hata mbele ya sheria.

Tuanze na vigae, ambavyo wengi huviita marumaru, kwa kuwa kigae kikishabandikwa, kukiondoa ni kukivunja. Vigae vya ukutani na vya sakafuni hufanana kwa sura, lakini tabia zao ni mbali. Vigae vya ukutani kwa kawaida ni vyepesi na vyenye vinyweleo vingi. Katika viwango vya kimataifa, kundi lao hunyonya maji kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao. Vigae vya porselini hunyonya asilimia 0.5 au chini ya hapo. Huhitaji maabara ili kuona tofauti hiyo. Omba kigae kimoja cha mfano, kigeuze, udondoshee maji mgongoni, kisha usubiri dakika chache. Maji yakizama upesi na kuacha doa, kigae hicho hakifai baraza la nje wala sakafu ya bafu, hata kama mwuzaji anakisifu.

Jambo la pili ni utelezi, nasi tungependa mnunuzi alisimamie kuliko urembo wowote. Kigae kinachong'aa kama kioo hupendeza sebuleni, lakini bafuni, chenye maji na povu la sabuni, ni hatari kwa mzee, kwa mama mjamzito na kwa mtoto anayekimbia. Baadhi ya maboksi huandikwa alama kuanzia R9 hadi R13. Namba inavyopanda, ndivyo kigae kinavyozuia utelezi zaidi. Pasipo alama hiyo, lowesha kigae cha mfano na ukisugue kwa unyayo. Kikiteleza dukani, kitateleza nyumbani. Kwa bafu, chagua chenye uso mkavu usiong'aa, au vigae vidogo vyenye viungo vingi. Mwambie fundi pia kwamba sakafu ya bafu iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Maji yanayotuama huharibu hata kigae bora.

Idadi nayo ihesabiwe nyumbani. Chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 kina mita za mraba 14. Boksi lenye vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, unahitaji mita za mraba 15.4, yaani maboksi 11. Yanunue yote siku moja, ukihakikisha kuwa namba ya rangi na ya kipimo iliyoandikwa kwenye kila boksi ni ileile. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti vinaweza kutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo haionekani mpaka vilale pamoja sakafuni. Vitakavyobaki usivigawe. Vitahitajika siku bomba litakapopasuka chini ya sakafu.

Kigae na grauti yake, hata hivyo, havizuii maji kikamilifu. Kinachozuia ni tabaka la kuzuia maji linalopakwa chini ya vigae kabla ya kuvibandika, kazi ambayo haionekani tena baada ya hapo na kwa hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa. Uwepo siku inapofanyika. Kazi ya kubandika ikiisha, na kabla ya kumalizia malipo, pitia sakafu ukigonga kila kigae kwa sarafu. Sauti ya uwazi huonyesha kuwa gundi au saruji haikuenea chini yake.

Kuhusu kuta, adui mkubwa ni haraka. Lipu ya saruji huhitaji takriban siku 28 ili ikomae na kukauka, na majira ya masika huongeza muda huo. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi huvimba na kubanduka, kisha lawama humwendea mwenye duka la rangi. Jaribio lake ni rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku kucha. Matone yakionekana ndani yake asubuhi, subiri. Kwa wakazi wa pwani kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Mchanga wa baharini usiooshwa huacha ukutani unga mweupe ambao hakuna rangi inayoufunika kwa muda mrefu. Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walipiga lipu ya chokaa juu ya mawe ya matumbawe, na kuta hizo zilipumua. Zilipofunikwa kwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu ulifungiwa ndani.

Bei ya rangi isomwe pamoja na eneo inalofunika. Chukua mfano wa kuta zenye mita za mraba 37. Rangi inayofunika mita 10 za mraba kwa lita, ikipakwa mara mbili, itakwisha lita 7.4. Rangi hafifu inayofunika mita 5 tu na kudai mikono mitatu itakwisha lita 22.2. Ndoo ya bei nafuu haikuwa nafuu. Uliza pia kuhusu madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huathirika zaidi, hasa ubongo wao. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni. Chagua rangi yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na usikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu mahali watoto wanapocheza.

Dari ya jipsamu inafaa vyumba vikavu na huchelewesha moto, lakini ikiloa hulegea. Hakikisha kwanza kuwa paa halivuji. Makabati ya jikoni yasitengenezwe kwa mbao laini za MDF mahali zitakapoguswa na maji, kwa maana huvimba na hazirudi hali yake. Gundi ya mbao hizo inaweza kutoa hewa ya formaldehidi, ambayo imeainishwa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Tafuta zenye alama E1, na ufungue madirisha wiki za kwanza. Mwenye uwezo wa kununua mninga au mtiki uliokaushwa vizuri atalipa zaidi, lakini atalipa mara moja.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya vyumba. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, akategemea ujuzi wa mwuzaji huyo anayeuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa inatarajiwa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu, "Naomba vigae." Sema, "Naomba vigae vya sakafu ya bafu," na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti ya mashine au kwenye ankara, pamoja na jina la bidhaa na namba ya boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Fungua boksi moja mbele ya mwuzaji kabla mzigo haujapakiwa garini. Ukigundua kasoro, simamisha kazi ya kubandika mara moja, piga picha, hifadhi maboksi, kisha mjulishe mwuzaji kwa maandishi; kigae kilichokwisha kubandikwa ni vigumu kukilalamikia.