SOMO LA AFYA: MAMBO YANAYOMPASA MGONJWA KUYAJUA KABLA YA KIPIMO CHA MRI

Somo hili ni kwa watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, hususan wale wa visiwani wanaovuka bahari kwenda kutibiwa Dar es Salaam na kufikia kwa jamaa zao katika vitongoji kama Mwenge. Linawahusu pia jamaa hao, kwani ndio wanaowasindikiza hospitalini.

Mgonjwa anapoandikiwa kipimo cha MRI, mara nyingi huingiwa na hofu. Mmoja hudhani kwamba ataunguzwa na mionzi. Mwingine huogopa kulazwa mahali pafinyu. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika mambo hayo. Imo katika jambo ambalo mgonjwa mwenyewe analijua, naye akalinyamazia: chuma kilichomo mwilini mwake.

1. Kipimo chenyewe
Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la handaki fupi lililo wazi pande zote mbili. Haitumii mionzi ya eksirei. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji mna chembe za haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe hizo, mawimbi ya redio huzitikisa, nazo zinaporejea mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa njia hii daktari huuona ubongo, uti wa mgongo, maungio na misuli kwa uwazi ambao eksirei haiutoi. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003 kwa uvumbuzi uliowezesha kipimo hiki.

Mashine hizi ni za gharama kubwa, na zinapoharibika wagonjwa hutaabika. Tarehe 9 Novemba 2015 Rais John Magufuli alifika ghafla katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akakuta mashine za MRI na CT hazifanyi kazi, akaagiza zitengenezwe. Kwa hiyo mwenye miadi asiipoteze. Aidha, mwenye bima aulize mapema kama kibali kinahitajika.

2. Sumaku haizimwi
Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Ieleweke kwamba sumaku hiyo hufanya kazi usiku na mchana, hata mashine inapokuwa kimya na chumba hakina mgonjwa. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na sumaku na kumpiga akiwa ndani ya mashine. Mwaka 2018, mjini Mumbai, India, aliyefariki hakuwa mgonjwa, bali jamaa yake aliyeingia chumbani na mtungi kama huo. Kwa hiyo msindikizaji asivuke mlango wa chumba hicho bila ya kuruhusiwa na mtaalamu.

3. Maswali ya kujibiwa kwa ukweli
Kabla ya kipimo mgonjwa huulizwa maswali. Ni wajibu wake kueleza iwapo:
(a) ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kibanio katika mshipa wa damu wa ubongo, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni;
(b) ana vyuma vya kuungia mifupa, risasi au kipande chochote cha chuma mwilini;
(c) ni mjamzito, au amewekewa kitanzi cha uzazi;
(d) ana maradhi ya figo, au amewahi kudhurika kwa dawa ya sindano;
(e) amewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni.

Kuwa na kimojawapo si lazima kumzuie mgonjwa. Vyuma vingi vya mifupa na baadhi ya vifaa vya moyo vya kisasa vinaruhusiwa, lakini mtaalamu lazima avijue kwanza. Mwenye kadi ya kifaa alichopandikizwa aende nayo.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Pale Mwenge wapo wachongaji wa vinyago wanaonoa patasi na tezo zao, na katika vitongoji vyote wapo mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Chembe iliyomruka fundi miaka 10 iliyopita huenda bado imo jichoni, ingawa maumivu yalikwisha. Sumaku yaweza kuisogeza na kumharibia uwezo wa kuona. Akisema, jicho litapigwa eksirei kwanza. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

Vilevile, mwanamke asiyependa jamaa zake wajue habari ya kitanzi au ujauzito aombe kuulizwa faraghani. Hiyo ni haki yake.

4. Vitu vya kuvuliwa
Saa, pete, mkufu, kikuku, kipini cha pua, pini za mtandio, meno ya bandia, funguo, simu na kadi ya benki vyote viachwe nje. Hirizi iliyofungwa kwa bati nayo ivuliwe. Wanja na rangi za uso zioshwe, kwani baadhi yake zina vumbi la madini.

5. Ndani ya mashine
Kipimo huchukua kati ya dakika 15 na 90, kwa kadiri ya sehemu inayopigwa picha. Mashine hugonga kwa kishindo, na mgonjwa hupewa vizibo vya masikio. Hakuna maumivu, lakini yampasa atulie kabisa, kwani akitikisika picha huharibika. Anaweza kuomba dua moyoni. Mkononi hupewa kengele ya kuita, naye asione haya kuitumia. Mwenye hofu ya mahali pafinyu aseme mapema, apate kusaidiwa. Wengine hudungwa dawa yenye madini ya gadolini ili picha ionekane vyema zaidi. Hapo ndipo habari ya figo inapohitajika. Mwenye kufunga saumu aulize mapema kuhusu sindano na dawa.

6. Majibu
Picha husomwa na daktari bingwa wa mionzi, na ripoti hurejeshwa kwa daktari aliyemwandikia mgonjwa kipimo. Picha na ripoti zitunzwe. Mgonjwa anayerudi Unguja au Pemba arudi nazo, ili daktari wake wa nyumbani aendelee pale ulipofikia uchunguzi.

Wananchi wanakumbushwa kwamba mtaalamu huona kilichomo mwilini baada ya picha kupigwa. Kabla ya hapo, hategemei ila kauli ya mgonjwa.